Msusi wa Tuwan na kichwa cha dada yake

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, na baridi ya Kitale bado haijaondoka mtaa wa Tuwan. Phanice Nabwile amejifunga leso juu ya sweta, kitana amekichomeka kwenye nywele zake mwenyewe. Mbele yake ameketi Jerono, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Moi's Bridge, kichwa chini. Kando yao ipo thamosi ya maji moto ya kuchovya ncha za rasta, zile nywele za bandia.

"Unalala siku hizi?" Phanice anauliza.

"Nitalala aje? Mahindi imenyeshewa ikiwa kwa shamba. Na mabroka wanataka kavu tu."

"Pole, mama."

Phanice anamaliza rasta moja, anaanza nyingine, anaimaliza. Ni Jerono anayeirudia habari ya usingizi.

"Na wewe, Mama Brian, ukikosa usingizi huwa unafanya nini?"

"Naongea na Mungu," Phanice anajibu. "Si maombi marefu ya kupiga kelele, bana. Namwambia tu vile mambo iko."

"Na anajibu?"

"Kuna siku anajibu. Kuna siku nashikwa na usingizi tu. Hiyo pia nahesabu ni jibu."

Jerono anacheka mpaka rasta inaponyoka mikononi mwa msusi. Kicheko kikiisha anasema, bila kuombwa, kwamba hiyo ataijaribu leo.

Hivyo ndivyo Phanice, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, anavyowapelekea watu imani yake. Hana mimbari wala kipaza sauti. Ana kiti cha plastiki kwenye veranda ya duka la vyuma, na kichwa cha rasta ambacho humchukua saa nne au tano kwa takriban shilingi elfu moja. Katika saa hizo watu huongea, na yeye anajua kusikiliza.

Hakuzaliwa akijua. Zamani, anasimulia huku akijicheka, alikuwa akimsubiri mteja asukwe nusu kichwa ndipo amtupie swali: ukifa leo utaenda wapi?

"Mtu amesukwa nusu atakimbilia wapi? Huyo ni mateka," anasema. "Walikuwa wanaokoka wote. Kila mtu hapa kwa kiti aliokoka! Halafu mwezi ukiisha naona kichwa kimesukwa na mtu mwingine, na ananipita akiangalia upande ule."

Wateja waliohama hawakumfundisha kitu. Aliwahesabu kuwa wagumu wa moyo, akaendelea. Aliyemfundisha ni dada yake, na somo hilo limemgharimu miaka miwili ya kunyimwa kichwa alichokisuka tangu akiwa msichana.

Nasimiyu ni mkubwa wake kwa miaka sita. Anaishi karibu na Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, katika boma alilojenga na mumewe, Makokha, aliyekuwa fundi wa baiskeli. Makokha alifariki miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa ghafla. Siku ya tatu baada ya mazishi, kama ilivyo desturi ya ukoo wao, walio karibu na marehemu walikusanyika kunyolewa nywele. Nasimiyu alisema hataki mikono ya mtu mwingine. Alimwita Phanice.

Phanice alishika wembe, na akiwa na wembe mkononi akafungua mdomo. Alimwambia dada yake asilie kama watu wasio na tumaini. Akamwambia Mungu hakosei, kwamba Makokha yuko mahali pazuri kuliko hapa, na kwamba huu ndio wakati wa yeye pia kuokoka kabla mlango haujafungwa.

Nasimiyu aliinuka. Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa, nusu ilikuwa na nywele. Alipita katikati ya waombolezaji hivyo hivyo, akaingia ndani na kufunga mlango. Jirani ndiye aliyekuja kumalizia.

"Nilimwona akitembea na kile kichwa," Phanice anasema, na hapa mikono yake inasimama kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Watu wote walimwona. Ni mimi nilimfanyia hivyo, na nilikuwa nafikiri ninamtumikia Mungu."

Tangu siku hiyo Nasimiyu aliacha kwenda kanisani. Simu za mdogo wake alizipokea, akaulizia watoto na mvua, akakata. Lakini wiki iliyopita alipiga yeye. Binti yake wa kwanza anahitimu Chuo Kikuu cha Kibabii siku ya Ijumaa, na mama mtu hawezi kwenda mahafali akiwa amefunga kitambaa. Njoo Alhamisi unisuke, alisema. Usihubiri.

"Wateja wakiniacha nitapata wengine," anasema Phanice. "Dada niko na mmoja. Nikiharibu tena, sidhani ataniita mara ya tatu."

Mwandishi huyu aliomba kuandamana naye. Nasimiyu alikubali, kwa sharti kwamba gazeti liandike wazi kuwa yeye hajaokoka. Tumeandika.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Nasimiyu ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba, mgongo umeegemea magoti ya mdogo wake. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuagiza watu, na nywele zake zimeanza mvi kwenye paji. Phanice anazigawa kwa kitana polepole mno, utadhani ndiyo kwanza anajifunza kazi.

Matuta ya kwanza ya nywele yanapita kimya. Wanaongea kidogo kuhusu gauni la binti. Wanaongea kuhusu kuku watakaochinjwa. Inakaribia saa sita Nasimiyu anapozungumza bila kugeuka.

"Ati leo umekuwa bubu?"

"Si uliniambia nisihubiri."

"Kwani wewe hujui kuongea na mtu bila kuhubiri?"

"Nimejifunza juzi juzi tu, dada."

Nasimiyu anaguna, na mabega yake yanatikisika kidogo. Huenda ni kicheko. Phanice anavuta pumzi, kisha anauliza jambo ambalo hakuuliza siku ile ya wembe.

"Kesho Makokha angevaa nini?"

Jibu likianza, halikomi. Makokha angevaa ile suti ya kahawia iliyombana. Angefika chuoni wa kwanza, agombane na askari wa geti, ampigie makofi mtoto kabla jina halijaitwa. Nasimiyu anasema anaisikia kengele ya baiskeli jioni na kunyanyuka kumwekea mtu maji ya kuoga. Analia waziwazi, kichwa kimetulia mikononi mwa mdogo wake, na Phanice analia juu yake huku akisuka.

"Uliniambia ako mahali pazuri," Nasimiyu anasema. "Mimi nilitaka akae hapa, mahali pabaya, pamoja na mimi."

"Najua. Nilikosea, dada. Ningekushika tu, ninyamaze. Nisamehe."

"Huyo Mungu wako nimemkasirikia sana."

"Hata mimi nilimkasirikia. Makokha ndiye alinifundisha kuendesha baiskeli. Nilimwambia Mungu hivyo hivyo, nimekasirika. Hakunifukuza."

Nasimiyu anapangusa uso kwa upindo wa leso. Matuta yanaendelea.

Saa nane kazi imekwisha, na chai inaletwa na binti wa mahafali mwenyewe, pamoja na viazi vitamu. Katika boma hili chai haikunywewa kabla ya mtu kuiombea. Makokha ndiye aliyeifanya kazi hiyo, na alipoondoka hakuna aliyeirithi. Vikombe vinagawanywa. Phanice anakishika chake kwa mikono miwili, anakitazama, hanywi. Wala haombi. Ameambiwa asihubiri, na leo amekusudia kutii mpaka mwisho.

Nasimiyu anamgeukia.

"Si uombe, chai inapoa."

Phanice amekesha kanisani mara nyingi akiomba mpaka sauti ikamkauka. Leo anafumba macho na kusema: "Baba, asante kwa Makokha. Asante kwa mtoto wake. Asante kwa chai. Amina."

Binti anaitikia. Mama yake haitikii. Anasogeza sahani ya viazi, anamchagulia mdogo wake kile kikubwa, kisha anauliza kama Krismasi atakuja kumfumua au atamwacha akae na hayo matuta mpaka yaote nyasi.

Akirudi Tuwan, Phanice ana wateja wa sherehe za Desemba wanaomngoja. Lakini wiki ya Krismasi ameiweka kando, na rasta za dada yake, za rangi ya kahawia nzito, tayari amezinunua.

Tunamuuliza atamwambia nini dada yake mara hii.

"Akiniuliza, nitajibu," anasema, na hana wasiwasi hata kidogo. "Asiponiuliza, nitasuka."