Namba Aliyoilipia Glenda

"Anti Glenda, hiyo namba unailipia ya nini, na kumbe ni yako mwenyewe?"

Nilikuwa na miaka tisa, nimening'inia juu ya ukuta wa uani. Yeye alikuwa anaanika mashuka, vibanio viwili mdomoni, simu imechomoza kwenye mfuko wa aproni. Alinitazama kama vile nimemuuliza umri wake. Akatoa vibanio, akasema, "Shuka hapo kabla hujavunja shingo, mama yako aje anilaumu mimi." 

Glenda Entwistle alizaliwa Accrington, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, akasoma Accrington, na hadi anafikisha miaka hamsini alikuwa hajawahi kudaiwa senti na mtu yeyote. Hilo alilisema kwa sauti ile ile ambayo wengine huitumia kusimulia walivyopanda mlima. Televisheni yake aliinunua kwa fedha taslimu, baada ya kukaa miezi saba akiutazama ukuta. Sofa nayo hivyo hivyo. Kabla ya sofa alikalia viti vya bustani, sebuleni, na wageni wakavikalia pia.

Tabia hiyo aliirithi kwa baba yake. Mzee Wilf alikuwa mchoma matofali, mtu wa maneno machache na kofia moja. Mwaka serikali ilipoleta kodi ya kichwa, Wilf aliliondoa jina lake, la mkewe na la binti yake kwenye daftari la wapiga kura, ili wakubwa wasijue nyumba ile ina vichwa vingapi. Nusu ya mtaa ilifanya hivyo. Baada ya miaka michache kodi ikafutwa, majirani wakarudi daftarini mmoja mmoja. Wilf hakurudi. Alipokufa, Glenda naye hakurudi. Kila vuli fomu ya kujiandikisha iliangukia kwenye zulia la mlangoni, na kila vuli aliitupa pamoja na magazeti ya zamani bila kuifungua. Hakuona kama anavunja kitu. Aliona anamtii baba yake.

Alifanya kazi jikoni kwenye shule ya msingi. Alipanga nyumba namba 31 kwa Bwana Pickup, miaka ishirini na moja, kodi mkononi kila Ijumaa na kikombe cha chai juu yake. Kisha Bwana Pickup akafariki. Wiki ya tatu baada ya mazishi alikuja binti yake, Lorna, akakaa ukingoni mwa sofa bila kuvua koti.

"Nyumba naiuza, na baba alisema wewe kwanza," Lorna alisema. "Elfu sitini na tano, sikuongezei hata pauni. Lakini sitangoja milele, Glenda. Hadi Pasaka."

Glenda alikuwa na akiba ya elfu kumi na moja. Akapiga hesabu nyuma ya bahasha, akaipiga tena. Mkopo wa nyumba ungemgharimu kwa mwezi pungufu ya kodi anayolipa tayari. Usiku ule alimwambia mama yangu kupitia ukuta uliotenganisha nyumba zetu, "Rukhsana, nitapaka mlango rangi ya njano. Miaka ishirini na moja nimeomba njano."

Benki, msichana mwenye kucha za zambarau alichapa, akangoja, akakunja uso.

"Samahani, Bi Entwistle. Mfumo haukujui."

"Haunijui? Nimeweka hela hapa tangu wewe hujazaliwa!"

"Ndiyo, kuweka umeweka. Lakini hujawahi kukopa."

"Si ndicho ninachokwambia? Sijawahi!"

"Basi hatujui ukikopa kama utalipa." Msichana hakuwa na ubaya wowote, alisema kama mtu anayesoma ratiba ya basi. "Na hapa hakuna jina lako kwenye daftari la wapiga kura. Ni kama vile hapo namba 31 hakuna mtu."

Kesho yake aliyasimulia yote jikoni, mbele ya sufuria ya kastadi. Maxine, mwenzake wa miaka mingi, alicheka hadi akashika meza.

"Mwenzangu, wewe ni mzimu! Ndiyo maana bwana harusi hakukuona."

"Usinianze, Maxine."

"Hebu ona." Maxine alifuta mkono, akatoa simu. Kwenye kioo kulikuwa na duara lenye rangi kama la kupimia presha ya mvuke, na mshale umesimama kwenye kijani. "Alama zangu za kukopesheka. Mimi huyu, ninayedaiwa hadi kucha za miguu, naaminika kuliko wewe! Na naziona bure."

"Vya bure sivitaki."

"Glenda, ni namba, si sadaka ya kanisa."

"Nimesema sivitaki."

Alikwenda kwenye kampuni inayotoza pauni kumi na nne na senti tisini na tisa kila mwezi. Aliona kwamba kitu unachokilipia kina mtu anayewajibika nacho. Akalipa, namba ikaja: mia nne na kumi na mbili kati ya mia tisa tisini na tisa. Nyekundu.

Basi akaanza kuilea. Alichoambiwa na ile simu, alifanya. Ilimwambia arudi daftarini. Alijaza jina lake kwenye meza aliyoachiwa na baba yake, akiwa amesimama, kama anayeiba. Ikamwambia achukue kadi ya mkopo. Akaichukua, riba yake ya kutisha. Aliitumia kununulia mkate na maziwa tu, na deni akalilipa jioni ile ile. Mara ya kwanza alirudi nyumbani na mkate wa deni chini ya kwapa, akitazama nyuma. Alimwambia Maxine kwamba haukushuka kooni, akawamwagia ndege.

Lakini mshale ulipanda. Mia tano thelathini. Mia sita hamsini na tano. Aliutangaza ukutani kama watu wengine wanavyotangaza uzito wa mjukuu. "Mia saba na kumi, Rukhsana!" Mama alimjibu, "Mashallah!" huku hajui kama mia saba na kumi ni nyingi au chache. Glenda alinunua kopo la rangi ya njano, akaliweka chini ya ngazi.

Wiki moja kabla ya Pasaka ilikuwa mia nane themanini na moja. Kijani. Alivaa koti lake la mazishi, ndilo zuri, akaenda benki, akamkuta msichana yule yule. Alinyoosha mkono na simu.

Msichana aliitazama kwa adabu. "Hongera. Ila hii sisi hatuioni."

"Hamuioni vipi? Si hii hapa. Nimeilipia."

"Hiyo ni namba ambayo kampuni inakuuzia wewe. Sisi tuna hesabu yetu."

"Haya, hesabu yenu inasema ngapi?"

"Hatutoi namba. Inasema ndiyo au hapana."

Glenda aliona kucha zile zikichapa, sasa ni nyeupe. Alisikia printa ya chumba cha pili. Alikuwa bado amenyoosha mkono.

"Inasema hapana," msichana alisema. "Rekodi yako ya kukopa ina miezi tisa tu. Pole sana. Miaka mitatu, minne, labda. Lakini kwa umri wako wakati huo..."

Lorna alilia kweli kweli pale mlangoni, kisha akaiuza. Aliyenunua alikuwa mtu wa London aliyechukua nyumba tatu za mstari ule kwa simu, hajawahi kukanyaga. Kodi ikapanda mara mbili ndani ya mwaka. Glenda alihamia chumba na sebule juu ya duka la kamari, upande wa pili wa reli, na kwa sababu ya anwani mpya namba ikaanguka alama sitini.

"Hujaacha kulipa?" Maxine alimuuliza. "Mwanamke, hela hiyo si ungenunua hata mvinyo?"

Glenda aliendelea kumenya viazi.

Hakuacha. Mwaka mmoja, miwili, mitano. Hakuomba mkopo tena, wala hakuna aliyemwuliza namba yake. Goti bovu likamtoa kazini. Mshale ukapanda taratibu, peke yake, hadi juu kuliko wa mtu yeyote ninayemjua.

Idi iliyopita mama alinituma nimpelekee sambusa. Nina miaka kumi na sita sasa. Nilimkuta dirishani, blanketi magotini, kipasha joto amekizima kubana matumizi. Kwenye mkono wa kiti simu iliwaka: mia tisa arobaini na tatu. Nilimwuliza swali lile lile la juu ya ukuta, polepole, kwa sababu safari hii nilitaka kujua kweli.

Alikula sambusa nzima kwanza, akapangusa vidole.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilidhani upande wa pili wa hii namba kuna mtu anayeniangalia."