Kumvusha Thakorji Mto Ruzizi

Sikwenda Uvira kwa ushujaa. Nilikwenda kwa sababu baba yangu alikataa kukimbia vita, na aliyemzuia alikuwa mungu wa shaba asiyezidi urefu wa kiganja changu.

Mnaozijua nyumba za Wahindu wa madhehebu yetu hamtashangaa. Kwetu Krishna hukaa nyumbani kama mtoto mdogo, nasi humwita Thakorji. Huamshwa, huogeshwa, huvalishwa, hulishwa, na mchana pazia hufungwa apumzike. Anayemgusa lazima awe ametoka kuoga, na hakuna amwonaye akiwa mtupu isipokuwa yule anayemvalisha. Nguo zake hufuata majira ya Gujarat walikotoka babu zetu, wala si ya Ziwa Tanganyika tunakoishi. Ndiyo maana Uvira ilipolowa mvua na jasho, Thakorji alivaa koti la pamba la kuzuia baridi. Na kiangazi kilipotujaza vumbi hadi menoni, yeye alivaa nguo za mvua, zenye mistari myekundu na ya kijani, akabembezwa kwenye pembea. Nilipokuwa msichana nilimtania baba kwamba mtoto wake hajaambiwa bado kuwa tulihama. Hakucheka hata mara moja.

Mwaka wa uasi, uhuru wa Kongo ukiwa bado mchanga, waliojiita Simba waliuteka mji, nasi tukavuka mpaka kwenda Bujumbura. Baba, ambaye sisi humwita Bapu, alibaki peke yake Kalundu, kwenye bandari ya Uvira, juu ya duka letu lililofungwa. Mama alikwisha fariki, na hakukuwa na mwingine wa kumwamrisha. Wiki zikapita. Kisha Mama Nabintu, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye waasi walimwachia apite kwa sababu nao walikuwa na matumbo, akatuletea ujumbe wa Bapu: siku ya kuzaliwa Thakorji inakaribia, na hana nguo mpya.

Sisi tulimwomba aje, yeye akaomba nguo. Nilikasirika hadi nikalia. Halafu nikaketi kwenye cherehani, nikashona joho la rangi ya zafarani lenye upindo wa nyuzi zinazong'aa, na taji dogo la shanga za kioo. Nia yangu ilikuwa kumpa Bapu nguo kwa mkono mmoja na kumkamata kwa mwingine.

Alfajiri tuliondoka Bujumbura kwa mtumbwi. Mama Nabintu alinifunga vitenge viwili, kimoja kiunoni na kimoja kichwani, akanikagua.

"Weye usiseme kitu," aliniambia. "Minye ndiye nitasema. Wakikuuliza, uko mugonjwa wa koo."

Nilitii.

Kalundu tulifika jua likiwa juu ya milima ya ng'ambo. Bandari ambako wapagazi walizoea kutaniana mchana kutwa ilikuwa kimya, na milango ya maduka ilikuwa imevunjwa. Wa kwetu tu ulikuwa mzima. Tulibisha muda mrefu kabla Bapu hajafungua. Alikuwa amekonda, nywele zake mbichi kwa maji ya kuoga.

"Vua viatu," alisema. Hiyo ndiyo salamu niliyopewa.

Aliipokea nguo, akaigeuza dirishani. "Upindo umekwenda kombo hapa."

"Bapu, watu wanauawa."

"Najua, binti yangu. Nimewasikia wakilia. Sasa niambie, ningemwachaje mtoto peke yake katika mji kama huu?"

Nikamwambia basi tuondoke naye. Alitazama pazia, akakubali. Ila kwa sharti: siku hiyo Thakorji angetoka nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, kwa hiyo angetoka amevaa vizuri. Zafarani na taji.

Mama Nabintu alishika kichwa. "Muzee, vile vitu vinang'aa. Tumutie mu gunia ya ndagala, chini kabisa. Hapana mutu atatafuta mule."

Bapu, ambaye kwa dini yetu hajapata kula hata yai, sembuse samaki, alimtazama kwa upole. "Mama, nashukuru. Lakini afadhali unitie mimi."

Nilimgombeza baba yangu siku ile kwa maneno ambayo binti hasemi. Aliyasikiliza yote, kisha akaingia nyuma ya pazia kumvalisha. Sikio la kufa halisikii dawa, niliwaza, na dawa yenyewe ilikuwa mimi.

Mtumbwi wetu tuliukuta umechukuliwa kubeba wapiganaji kwenda kusini. Ikabaki barabara. Tulivuka mji kwa miguu, Bapu katikati, Thakorji kifuani pake ndani ya shuka jeupe.

Kavimvira, kabla ya kufika mpakani, palikuwa na kizuizi: gogo, mapipa, na vijana wenye bunduki. Kamanda wao alijifunga kipande cha ngozi ya mnyama kwenye paji la uso. Mama Nabintu alianza kumsimulia habari za ndagala, lakini macho ya kamanda yalikuwa kwenye shuka.

"Muzee, uko nabeba nini?"

"Mtoto," akasema Bapu.

Hakuwa akidanganya. Kwake hilo ndilo lilikuwa jibu, na asingeweza kupata jingine hata kwa kufikiri mwaka mzima. Kamanda akasogea, uso umelainika kama wa mtu anayekwenda kutazama mtoto wa jirani. Bapu akafunua shuka. Jua likapiga taji.

"Unanichezea?" Uso ulibadilika. "Mutoto ya dhahabu? Muvue. Nione kile munaficha ndani."

"Muvue weye," mmoja wa wenzake alimwambia.

"Minye sigusi kitu ya mutu asiyekunywa dawa yetu ya risasi. Muzee, muvue."

"Hapa siwezi," Bapu akajibu. "Hata wewe mama yako hakukuvua nguo barabarani."

Akaketi chini, vumbini, akamkumbatia mungu wake. Kamanda akakoki bunduki. Nilimwona baba yangu amekufa. Sijui jinsi nyingine ya kulieleza hilo. Nikasahau kwamba nilikuwa mgonjwa wa koo.

"Kamanda, wewe una miiko," nikasema.

"Iko mingi."

"Ukiivunja?"

"Risasi inaniingia."

"Huyu naye ana miiko yake. Huvuliwa nyuma ya pazia tu, na anayemwona lazima awe ametoka kuoga."

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Alifikiri, mdomo wa bunduki bado ukimwelekea Bapu.

"Nikivunja yake, risasi itamuingia yeye ao minye?"

"Sijui," nikasema. Na kweli sikujua.

Alimpa mwenzake bunduki, akavua shati, akashuka kwenye mfereji wa shamba la pamba. Tulimsikia akijimwagia maji. Alirudi anachuruzika, wala hakuna kijana aliyecheka tena. Nikafungua kitenge cha kichwani; Mama Nabintu akashika ncha moja, mimi nyingine. Nyuma yake wakabaki Bapu, kamanda na Thakorji.

Mimi nilikuwa upande ambao ningeweza kuona. Sikuwa nimeoga tangu jana yake. Nikafumba macho, mimi niliyekuwa nikisema siku zote kwamba ile ni shaba tu. Nilisikia taji likiwekwa chini, kisha vifungo, kimoja kimoja.

"Iko nashika nini mu mukono?" kamanda aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siagi," Bapu akasema. "Ameiiba kwa mama yake."

Nilishika ncha ya kitenge kwa mikono miwili, upepo ukikivuta.

"Muvalishe, Muzee," alisema kamanda. "Upepo iko na vumbi."

Akatoka, akawaambia vijana wake wageuke watazame milimani mpaka mzee amalize. Wakageuka. Bapu hakuharakisha hata kifungo kimoja.

Daraja la Ruzizi tulilivuka alasiri. Upande wa Burundi Bapu alisimama ghafla. Nilidhani amesahau kitu. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, na machozi yalikuwa yakimshuka bila sauti.

"Mchukue," akaniambia. "Nitamwangusha."

"Bapu, sijaoga."

"Mchukue, mwanangu. Niliogopa sana."

Mkiniuliza nilijifunza nini katika safari ile, nitawaambia hili. Nilidhani baba yangu alibaki Kalundu kwa sababu haogopi, na nilimchukia kidogo kwa hilo. Kumbe aliogopa kila siku, na kila asubuhi ya hofu aliamka, akaoga, akachagua nguo za siku, akafunga vifungo vidogo kuliko punje ya mtama, ili awepo mmoja ndani ya nyumba ile ambaye hakujua kwamba kuna vita.

Nilimpokea Thakorji kwa mikono yenye vumbi. Bapu akatembea kando yangu mpaka Gatumba, ameushika upindo wa joho kwa vidole viwili, pale pale uliponishinda kushona.