Pini Iliyoingia Njia ya Hewa

Mafundi cherehani wengi tunashika pini kwa midomo. Nilifanya hivyo miaka yote kibandani kwangu Mlabani, mpaka siku mteja mmoja kutoka Kiberege aliponichekesha nikiwa nampima gauni. Nilivuta pumzi, pini ikaenda nayo. Nikakohoa hadi machozi yakanitoka, halafu kukatulia. Nikajiambia nimeimeza, itatoka yenyewe.

Siku ya tatu nikatema makohozi yenye damu. Mume wangu akanipeleka hospitali. Picha ya kifua ilionyesha pini imekaa kwenye pafu la kulia.

“Tutapitisha mpira mwembamba wenye kamera, tuifuate huko huko,” daktari alisema. “Kuanzia saa sita usiku usile wala usinywe chochote. Ukitapika, chakula kinaweza kuingia mapafuni.”

Asubuhi nesi alikuja na fomu ya kusaini. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Nesi akauliza kama nina pumu, kama kuna dawa natumia, kama kuna dawa inayonidhuru. Nikajibu hapana, hapana, hapana.

“Una jino la bandia?”

Nilikuwa nalo moja, la mbele, tangu kabla hatujaoana, na mume wangu hakujua.

“Hapana,” nikasema.

Nesi hakuondoka. “Mama, likichomoka wakati mpira unapita, litafuata pini. Siulizi ili nikuaibishe.”

Nikageukia ukuta, nikalitoa, nikaliweka kwenye kiganja chake. Sikuthubutu kumtazama mume wangu. Yeye akauliza tu, “Litatunzwa wapi?”

Ndani ya chumba cha matibabu walinipulizia kooni dawa chungu ya ganzi, ulimi ukawa mzito kama si wangu. Wakanichoma sindano ya kunituliza, lakini sikulala kabisa.

“Hutaweza kusema,” daktari akaniambia. “Ukizidiwa, inua mkono.”

Mpira ulipopita nilihisi nakabwa. Nikainua mkono. Akausimamisha mpira.

“Hewa inapita, mama. Vuta polepole.”

Nikavuta. Kweli ilipita. Mara mbili pini iliwaponyoka, nikawasikia wakinong’ona. Mara ya tatu wakaitoa.

Wodini kiu ilinishika vibaya. Mume wangu akanisogezea kikombe, nesi akakizuia: koo lilikuwa bado na ganzi, maji yangeweza kwenda mapafuni. Nikasubiri hadi mchana, nikitema mate yenye damu kidogo, kama walivyokuwa wameniambia kwamba ingetokea. Ganzi ilipoisha, nesi akaninywesha kijiko kimoja kwanza.

Kikashuka vizuri. Nikaomba kingine.