Fomu ya Dada Chelangat

Dada yangu Chelangat alirudi kutoka hospitali akinuka dawa ya kusafishia sakafu. Alikuwa amekaa huko wiki mbili akimwuguza mdogo wetu wa mwisho aliyeugua surua, na harufu hiyo ilikuwa imemwingia kwenye nywele na kwenye sweta, ikaishinda hata harufu ya majani mabichi ya chai iliyotawala nyumbani kwetu, karibu na Kapsoit, mwaka mzima. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimfuata kila alikokwenda, mtoni, zizini, shambani kwenye chai, nikimnusa kama ndama anavyomnusa mama yake. Na si harufu tu aliyorudi nayo. Alikunja pembe za blanketi kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona, akachemsha maji ya kunywa mpaka mama akalalamika kwamba kuni zinaisha, na alinifunga bendeji za vitambaa vya mifuko ya unga kila alipopata nafasi. Wiki moja nilivunjika mguu mara tatu. Kisha jioni moja, tukimenya viazi, alisema kwamba yeye atakuwa nesi. Mama alicheka kidogo, akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Nesi mmoja wa huko hospitalini alikuwa amempa fomu ya kuomba nafasi katika shule ya wauguzi. Dada alikuwa amemaliza kidato cha pili na alama zake zilitosha. Kilichobaki ni mzazi kutia sahihi, au kidole kama hajui kuandika, na fomu irudishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Baba alikataa. Sikuelewa wakati ule, lakini sasa naelewa kwamba hakukataa kwa roho mbaya. Kwetu Wakipsigis, wanaume waliotahiriwa pamoja ni kitu kimoja. Binti wa mmoja ni binti wa wote, na ni aibu kubwa binti huyo kuona uchi wa yeyote kati yao, hata paja. Baba alijua vizuri kazi ya nesi ni nini.

“Utaosha wazee tuliotahiriwa pamoja?” alimwuliza. “Halafu mimi nitakaa nao wapi tena?”

Kwetu baba hajibiwi. Baba aliichukua ile fomu akaichomeka juu, kwenye mbao za paa, mahali ambapo moshi ungeifanya ya manjano kabla ya mwezi kuisha. Dada hakulia mbele yake. Alilia kwenye chai, akichuma, na mikono yake haikusimama hata mara moja. Mimi nilikuwa mstari wa pili nikimsikia.

Ndipo mvua kubwa ikaja. Mto wetu ulifurika ukabeba daraja, na lori la kubeba majani ya chai likakwama ng’ambo siku nzima. Mchana wa siku hiyo hiyo, Arap Mosonik, jirani yetu na rafiki mkubwa wa baba, aliyetahiriwa naye siku moja, alikuwa akikata mti ulioangukia ua wake. Panga liliteleza likamkata paja, juu kabisa. Baba na wanaume wengine watatu walimbeba katika blanketi wakamleta kwetu, kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu na barabara, wakakuta barabara haiendi popote. Mama alikuwa Chebunyo kwa wazazi wake, pamoja na mdogo wetu. Ndani ya nyumba tulikuwa mimi na Dada tu.

Wanaume walitazamana. Blanketi lilikuwa limelowa damu. Dada alimtazama baba, na nilidhani ataomba ruhusa. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji.

“Baba, nipe koti lako,” alisema.

Baba alilivua koti lake zito la mvua akampa. Dada alilitandaza juu ya uso wa mzee, taratibu, akaacha nafasi ya kupumulia. Aliwaambia wanaume wageuke watazame nje, na baba mwenyewe akageuka. Kisha akainama karibu na lile koti.

“Mzee, saa hii mimi si mtoto wa mtu. Ni mikono tu.”

Nilishika karai la maji yaliyochemshwa, uso wangu nikiwa nimeuelekeza ukutani, maana damu naiogopa mpaka leo. Nilimsikia akikunja vitambaa, akikandamiza kidonda, akihesabu kwa sauti ya chini, akiosha, akikandamiza tena. Chini ya koti mzee alianza kuzungumza juu ya fahali aliyemnunua kwenye mnada wa Siongiroi, kwamba walimdanganya, kwamba meno ya fahali yule yalikuwa ya kizee. Sauti yake ilitetemeka lakini aliendelea, meno, pembe, mkia, kama mtu aliyeketi zake sokoni. Hakuna aliyemfundisha Dada lile jambo la koti. Nilimwogopa siku hiyo, jinsi mtu anavyoogopa akiwa kanisani.

Kesho yake maji yalipungua, Arap Mosonik akavushwa akapelekwa hospitali kushonwa. Alirudi akitembelea fimbo, zikiwa zimebaki siku nne mwezi uishe, akaketi nje na baba. Dada aliwaletea maziwa. Mzee alipokea kibuyu, akasema “kongoi”, yaani asante, bila kumtazama. Baba alisubiri mpaka Dada akaondoka.

“Nani alikuosha siku ile?” baba akamwuliza.

“Mimi sikuona mtu,” alisema Arap Mosonik, akanywa maziwa yake.

Baba aliinuka. Aliingia ndani, akainua mkono hadi kwenye paa, akaitoa fomu, akaipuliza vumbi na masizi. Alitia kidole chake mahali ambapo Dada alimwonyesha. Dada aliitwa kwenye usaili, akapimwa uzito, akaambiwa asome kwa sauti, akakaguliwa mpaka kucha, na baada ya wiki kadhaa barua ikaja kwamba amekubaliwa.

Mwaka huu mjukuu wa Dada naye ameomba shule ya wauguzi, kwa simu, akiwa ameketi kitandani. Baba yake aliambiwa baada ya majibu kutoka, akafurahi, tukanywa soda. Ni vizuri hivyo, sitaki kusema uongo. Lakini binti huyo aliponiuliza nyanya yake alipelekwa shuleni na nani, nilimsimulia juu ya barabara ile ya Kapsoit. Mwanaume wa Kipsigis wa wakati ule hakubeba mzigo wa mwanamke. Baba alilibeba sanduku la bati la Dada begani mwake, mchana kweupe, katikati ya mashamba ya chai, na wachumaji wakaacha kuchuma wakamtazama. Dada alitembea nyuma yake mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Stendini baba alilitua sanduku, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati, na hakumtazama Dada aliposema naye.

“Wazee wangu,” alimwambia, “uwaoshe vizuri.”