Rangi Iliyokuwa Chini ya Yunifomu za Kwaya

Mume wangu Naftaly hupiga gitaa la besi kwenye harusi, na siku ambazo hakuna harusi hutengeneza magitaa ya wenzake katika chumba kilichotakiwa kuwa cha wageni nyumbani kwetu Free Area, Nakuru. Wageni wetu hulala sebuleni. Lakini kazi inayompa raha kuliko zote ni kuchunguza rangi. Mletee besi kuukuu ya Kimarekani, umwambie haijapakwa upya tangu itoke kiwandani, naye ataacha chakula kipoe mezani. Ataing'oa shingo, atachungulia matundu ya misumari iliyoishikilia kiwandani ilipokuwa ikipakwa rangi, ataimulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti bandia, na mwisho ataipeleka puani. Ndiyo, ananusa. Anasema vanishi ya zamani ina harufu yake. Nimeshazoea, maana ukipenda boga, penda na ua lake.

Enzi hizo besi nyingi zilitoka kiwandani na rangi ya mbao ya kawaida. Zilizoagizwa kwa rangi nyingine, kama buluu, waridi au dhahabu, zilikuwa chache, na kwa sababu ni chache, watu huzighushi. Kwenye simu ya Naftaly kuna kundi la watu wa nchi mbalimbali wanaobishana kuhusu rangi kama wakwe kwenye kikao cha mahari. Yeye akisema hapana, ni hapana. Ameshamvunja moyo askofu mmoja hivyo hivyo, na bado tunasali kwake.

Ndiyo maana Winrose Chesang alimpigia simu kutoka Keringet. Winrose ni kiongozi wa kwaya, mwanamke mchapakazi asiyependa maneno mengi, na kwaya yake ina desturi moja: kila inaposhona yunifomu mpya, vyombo vyote hupakwa rangi ya kufanana nayo. Ngoma, spika, na besi pia. Mwaka huu yunifomu ni ya rangi ya machungwa. Kwa kuwa rangi za miaka iliyopita zilikuwa zimeanza kubanduka, Winrose alinunua msasa aikwangue besi mpaka kwenye mbao. Hapo ndipo baba yake, Mzee Kiprugut, alipochukua kiti chake, akaketi mlangoni mwa stoo ya kanisa, na kukataa kuondoka.

Besi hiyo ilikuwa yake kabla hajaokoka na kulitolea kanisa. Alisema aliachiwa na kijana wa mzungu kwenye shamba la Rongai alikokuwa akifanya kazi, familia ile ilipokuwa inahama, na kwamba kijana alimwapia kuwa rangi yake ni ya kiwandani. Rangi ya kijani. Winrose aliisikia hadithi hiyo tangu utotoni na hakuiamini hata siku moja. Baadaye baba yake aliwahi kuwa mpiga rangi wa magari mjini Nakuru, kwa hiyo kwake jambo lilikuwa wazi: mzee aliipaka mwenyewe gereji, kisha akaitungia hadithi ya kuwavutia wasichana. Wakakubaliana fundi aje. Akisema ni rangi ya kiwandani, msasa unarudi dukani. Akisema ni ya gereji, mzee ataondoa kiti chake, na hadithi yake pia.

Tulifika asubuhi, mawingu yakiwa yameshakaa juu ya mashamba ya viazi. Mimi nilikwenda kwa sababu nilitaka viazi, nisiseme uongo. Besi ililetwa nje, ikawekwa juu ya meza ya Shule ya Jumapili, na wanakwaya wakaizunguka.

"Fundi, usiniogope," Mzee Kiprugut alimwambia Naftaly. "Sema tu ukweli. Ilikuwa kijani."

Naftaly alianza na kile kibao cha plastiki kinachofunika kifua cha besi. Wapaka rangi wa kwaya hawakuwahi kukifungua. Walipitisha brashi kando yake tu. Akatoa skrubu, akakiinua taratibu. Chini yake rangi ilikuwa buluu.

 Nilimtazama mzee na moyo wangu ukaniuma, kwa maana alikuwa ameinama karibu sana, kama anayetafuta sindano, na hakupata alichokitafuta.

"Baba," Winrose alisema, "si ulisema ni kijani?"

"Nilisema kijani na bado nasema kijani."

"Sasa hii ni nini? Hii ni blue. Pengine ni ile ya uniform yetu ya zamani, iliingia hapo chini."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mzee huyu ilikuwa imechukua karibu miaka hamsini, na sasa ilionekana imefika ukingoni mbele ya kwaya nzima. Nilitamani mume wangu ajue kudanganya, hata kidogo, hata kwa siku hiyo tu. Hajui. Alichukua piki ya gitaa, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, akaanza kubandua rangi za kwaya sehemu ya mbele, kwa upole, kwa sababu thina, dawa ya kuyeyusha rangi, ingekula kila kitu.

Ikatoka zambarau.

"Hiyo ni ya wakati wa Pasta Kemboi," alisema Sally, mwanakwaya wa siku nyingi.

Ikatoka maruni. Wakaijua pia, na mmoja akakumbuka jinsi ile nguo ilivyochuja ilipofuliwa. Ikatoka buluu ya mbinguni, nyepesi kuliko ile ya chini ya kibao. "Hiyo ndiyo ya kwanza kabisa," Sally akasema. "Tulishonewa kitambo, Winrose akiwa bado msichana."

Naftaly akaendelea kubandua. Chini ya buluu ya kwanza kabisa ikatokea kijani, ikiwaka kama imefutwa jana.

"Hiyo nayo ni ya uniform gani?" akauliza.

 Winrose ndiye aliyejibu, polepole. "Hatujawahi kuwa na uniform ya kijani."

Basi Naftaly akang'oa shingo, akawaonyesha matundu ya misumari ya kiwandani, ambayo ndani hayakuwa na rangi, akawasha tochi yake, na vanishi ikang'aa kimanjano. Akawaeleza kwamba besi ilitoka kiwandani ikiwa buluu, lakini vanishi ya siku hizo hugeuka manjano ikipigwa na jua, na buluu ikitazamwa kupitia manjano huonekana kijani. Chini ya kibao jua halikufika. "Mzee, ilikuwa inawekwa wapi huko shambani?"

"Verandani, nyuma ya vioo," Kiprugut akasema. "Jua lote la jioni lilikuwa pale."

"Basi ungeniambia ilikuwa buluu, ningekushuku," Naftaly akasema. "Mtu anaweza kusoma hiyo mahali. Lakini anayesema kijani ni mtu aliyekaa nayo. Rangi ni ya kiwandani, na ni adimu."

 Mzee alitoa leso, akafuta macho bila kujificha, na mimi nikafuta yangu. Mtu mmoja akauliza sasa besi ya kijani itakaaje na nguo za machungwa, na Sally akasema hata chungwa lina majani yake. Tukacheka, na naona kicheko hicho tulikuwa tukikihitaji.

Winrose alikuwa bado ameushika ule msasa. Akauweka mezani, akavuta kiti cha Shule ya Jumapili, kile kidogo, akaketi karibu na baba yake magoti yakimfika kifuani.

"Baba," akasema, "huyo kijana wa mzungu alikuwa anaitwa nani?"

Mzee akamgeukia. Hakuwahi kuulizwa hilo na mtoto wake yeyote. Akarekebisha kofia, akakohoa, akaanza mbali sana, na gari lililobeba maziwa kila asubuhi pale Rongai. Matone ya mvua yalikuwa yameanza kuanguka, lakini nikaliweka chini gunia la viazi nililokuwa nimeshanunua, nikakaa kumsikiliza.