Mzee Jatoras na Miti Anayoibembeleza

Hapa kijijini kwetu Aek Lolot hakuna asiyejua sukari ya Jatoras, na hakuna aliyejua anachoiambia miti yake. Mimi niliolewa katika nyumba yao yeye akiwa hajaota ndevu. Marehemu mume wangu ndiye kaka yake mkubwa, kwa hiyo huyu ni shemeji yangu na nimemchunguza vya kutosha. Najua akila samaki anaanza na mkia. Najua anaogopa ruba, ingawa anashinda msituni. Lakini hilo la miti lilinishinda, na mimi silali vizuri na jambo nisilolijua.

Jatoras ni mgema. Anagema bargot, ile miti ya jamii ya mnazi, myeusi, iliyojaa manyoya kama mzee asiyekwenda kwa kinyozi. Bargot haitoi maji yake kwa kukatwa tu. Mti ukianza kuchanua, mgema anaupanda kwa ngazi ya mwanzi mmoja, anaushika ule mkono wa maua, anautikisa taratibu, anaugonga kwa kinyundo cha mti, huku anauambia maneno matamu. Anafanya hivyo wiki baada ya wiki. Siku akiukata, kama umeridhika, unatiririka. Kama umenuna, utabaki na mwanzi wako wa kukingia mtupu. Kila mgema ana maneno yake, na kwenda kuyasikiliza ni kama kutega sikio mlangoni kwa maharusi.

Mtu huyu nyumbani hana maneno. Asubuhi husema "kahawa", jioni husema "wali". Akienda kwa Baleo, mwenye kibanda cha kahawa, anakaa kimya mpaka kikombe kinapoa. Wanaume humtania kwamba ameyamaliza yote msituni.

Maji yakishuka mtini, kazi ni ya mkewe, Tirona. Lazima yachemshwe upesi, maana yakipigwa na jua yanachacha na hayawi sukari tena. Tirona huyachemsha kwenye karai kubwa mpaka povu ligeuke rangi, kisha huyamimina kwenye pete za mwanzi yagande. Halafu mchuuzi huja na pikipiki kuichukua, na ikifika mjini inaitwa sukari ya kijiji kingine, kile chenye lami. Tirona aliwahi kuiona mwenyewe sokoni, siku alipotoka hospitali. Aliitambua kwa pete zake. Akamwambia muuzaji, "Hii nimeipika mimi, inatoka Aek Lolot." Yule akamwuliza, "Aek Lolot ndiyo wapi?"

Ndipo akaja Nursaima, mjukuu wa mkuu wa kijiji, aliyerudi kutoka jiji la Medan. Yeye na vijana wenzake walianzisha Siku ya Milango Wazi. Kila nyumba inafungua mlango, wageni wanaingia jikoni, wanaona kinachotengenezwa, wananunua na kuondoka na jina la kijiji. Mwaka wa kwanza Baleo aliuza kaukau za muhogo, akaapa mama yake kazikaanga. Mgeni mmoja akaona makaratasi ya kiwanda chini ya meza. Aibu ile ilitupata sote. Kwa hiyo kijiji kizima kikapitisha sheria: anayeuza aonyeshe kuanzia mwanzo, la sivyo hapewi meza.

Mwaka huu Tirona akaomba meza. Tukakutana barazani kwa mkuu wa kijiji.

"Babu, hatutaki mengi," Nursaima alimwambia Jatoras. "Panda, gonga, sema maneno yako, shuka. Bibi Tirona achemshe wageni wakiona."

"Sitaki."

"Basi tuchague mti uliokauka, ufanye kama mchezo tu."

"Nibembeleze mti mfu? Unaniona nina wazimu?"

"Mwacheni bwana," Baleo akadakia. "Huenda ana mke wa pili huko msituni!"

Watu wakacheka. Jatoras hakucheka. Masikio yalimwiva, na aliyeliona hilo ni mimi peke yangu.

Nursaima alisema kwa upole kwamba sheria si yake, ni ya wote, na Baleo hawezi kunyimwa halafu mwingine apewe. Kweli tupu. Tirona alikuja kusemea yake jikoni kwangu, amekaa kizingitini anachambua mchele usio na hata jiwe moja.

"Dada, nilitaka tu mtu mmoja anunue akijua imetoka wapi."

"Umemwuliza kwa nini hataki?"

"Nimemwuliza. Kasema, 'Wali.'"

Basi kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, nilimfuata. Wengine wangeona haya. Mimi niliona kwamba kama maneno hayo ni mazito kuliko meza ya Tirona, mtu wa nyumbani lazima ayapime. Nikajibanza kwenye majani, siafu wakaniingia mguuni, nikawavumilia. Jatoras akapanda, akakohoa kidogo kama mposaji, akaanza kugonga. Tok, tok, tok.

"Umeamkaje, Siti Rombe? Jana ulininunia, mpenzi. Mwenzako Masroya pale bondeni kanijazia mwanzi mpaka ukamwagika, na wala si mzuri kama wewe. Miguu yake imepinda, sote tunajua. Wewe uzuri wote huo wa nini kama hunipi?"

Nikashika mdomo. Siti Rombe ni mke wa Baleo. Masroya ni mke wa imamu, na miguu yake kweli imepinda.

Akashuka, akapanda mti wa pili, karibu kabisa na mimi.

"Haya, Taing."

Taing ni mimi.

"Kichwa kigumu wewe. Nakugonga na kukutikisa, unaniangalia tu. Mkavu kama gogo, mdomo kama msumeno. Nani angekuoa kama si kaka yangu? Lakini mimi najua, siku ukikubali hakuna atakayekufikia kwa utamu. Nipe kidogo, mama. Kidogo tu."

"Mkavu nani?" nikasema, nikatoka majanini.

Kidogo aanguke. Alikumbatia mti kwa mikono na miguu kama kima.

"Shemeji! Unafanya nini hapo?"

"Nasubiri kubembelezwa. Endelea, umefika kwenye msumeno."

"Baba naye alikuwa hivi hivi," akasema bila kunitazama. "Mti usio na jina hausikii. Na ukiupa jina la uongo, mti unajua."

"Kwa hiyo wanawake wote wa kijiji wako humu?"

"Karibu."

"Mke wa imamu, Jatoras?"

"Huyo ndiye anayetoa kuliko wote," akasema kwa huzuni.

Sasa nilielewa. Angesemaje hayo mbele ya wageni, waume wa wanawake hao wamesimama chini? Akaniomba nisimwambie mtu, Baleo ana panga. Nikamwambia mimi si mtu wa maneno. Na kweli nilinyamaza njia nzima, mpaka nilipofika mtoni wanawake wanapofua.

Nilitegemea watamtukana. Siti Rombe aliacha kufua, akauliza, "Wangu unatoa kiasi gani?"

"Umenuna," nikamwambia. "Masroya anakushinda."

"Masroya! Mwenye miguu ile!"

"Miguu yangu inakuhusu nini?" Masroya akasema, lakini alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. "Mti ni mti. Unatoa au hautoi."

Jua halijawa kali, wanawake wote wakawa uani kwa Nursaima, nguo mbichi mabegani, wanadai Jatoras aonyeshe. Kila mmoja alitaka kujua mti wake. Baleo alipotaja panga, mkewe alimwuliza, "Wewe uliniita mpenzi lini mara ya mwisho?" Akarudi kuchemsha kahawa yake. Imamu alisema miti haina haramu, akaenda shambani. Jatoras hakuwa tena na siri ya kulinda, na wanawake walimzunguka mlangoni mpaka akaitika.

Siku ikafika. Wageni wakaja kwa magari na pikipiki, wakala alame, ile halua yetu ya unga wa mchele na tui, wakanunua mikeka, kisha wakaongozwa ukingoni mwa msitu. Tirona alikuwa ameweka karai juu ya mafiga, ndani maji ya bargot yaliyoteremshwa asubuhi, kuni chini yake, kiberiti mkononi. Jatoras alipanda mti wa Taing. Akakohoa. Akakohoa tena.

"Sema, mimi nipo!" nikampigia kelele.

Akaanza kwa sauti ya mgonjwa. Alipofika kwenye kichwa kigumu nikamjibu kwamba kigumu ni chake, na watu wakaangua kicheko, naye akapata nguvu. Alihamia kwa Siti Rombe, na Siti Rombe mwenyewe akajibu kutoka chini, "Lete kwanza sarungi mpya, ndipo uulize maji!" Wageni walikuwa wanafuta machozi. Sijawahi kumsikia Jatoras akisema mengi vile maisha yake yote.

Ndipo Tirona akamwita mumewe kwa jina la mwana wao, si kwa kelele.

"Baba Parlin, wangu ni upi?"

Kinyundo kikasimama.

"Upi nini?"

"Mti wangu."

Akatazama miti ile mmoja mmoja, kama anayetegemea mmoja utajitolea. "Haupo," akasema.

"Haupo?"

"Wewe sikukubembeleza. Nilipoleta posa ulikubali siku ile ile."

"Basi leo nimekataa."

Akakitia kiberiti kifuani, akakaa juu ya kuni zake. Jua lilikuwa linapanda. Kila mtu wa Aek Lolot alijua maji yale hayangoji, na bila sukari ile meza yake ingekuwa tupu. Nursaima akanivuta mkono, "Bibi, fanya kitu." Nikamwambia mimi leo ni mti, miti haifanyi kitu.

Jatoras akateremka. Akasimama mbele ya mkewe na kinyundo mkononi, anakigeuza hivi na hivi.

"Tirona."

"Nasikia."

"Ulipolazwa kule mjini nilichemsha mwenyewe."

"Najua. Uliunguza karai langu."

"Niliunguza. Ile sukari ilikuwa chungu kama dawa. Sikumuuzia mtu. Niliila kidogo kidogo mpaka uliporudi."

Tirona akamtazama. Hata mimi sikulijua hilo, na jikoni kwao naingia kila siku.

"Kwa nini uliila?"

"Nilitaka kulalamika kwamba ni chungu, na wa kumlalamikia ni wewe, nawe hukuwepo."

"Endelea."

"Sina zaidi."

"Miti unaiambia mwezi mzima!"

"Miti hainikatizi!"

Hapo Tirona akashindwa, akacheka na khanga mdomoni. Alicheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akanusa maji ya kwenye karai, akachovya kidole, akaonja, uso ukabadilika.

"Toka hapo, yanaanza kuchacha," akamsukuma mumewe. "Leta kuni ndogo, hizi nene za nini? Upesi!"

Akawasha. Sehemu ya maji ilikuwa imeharibika, kwa hiyo sukari ilitoka haba, tena nyeusi kidogo, na yeye mwenyewe hakuipenda. Niliwaambia wageni wazi kwamba kwa kawaida ni nzuri zaidi, wasije wakatusema. Waliinunua ikiwa bado ya moto. Mama mmoja kutoka mjini aliishika ile pete kwa majani ya mgomba, akauliza inaitwaje, aje kuiulizia sokoni.

"Sukari ya Aek Lolot," Tirona akasema.

"Aek Lolot ndiyo wapi?"

Tirona akafuta jasho kwa mkono wenye masizi. "Ndipo hapa ulipokanyaga," akamwambia, na akamgeukia mgeni aliyefuata.