Visu Nilivyovinyoosha

Wakati wa Waingereza niliajiriwa katika shamba moja la mkonge karibu na Kifaru, kazi yangu kuendesha mashine ya kukata nyasi ya bwana meneja. Ilikuwa na kiti. Sisi watu wa milimani tulizoea kufyeka tumeinama, kwa hiyo mtu anayekata nyasi amekaa alikuwa habari kubwa, nami niliisaidia habari hiyo kuenea. Nilinunua hata kofia.

Visu vyake viwili vilipolika kwa kugonga mawe, vipya vililetwa kwa treni kutoka Tanga. Fundi wa karakana alitaka kunionyesha namna ya kuvifunga. Nikamwambia mimi ni mtoto wa mhunzi wa Ugweno, nimelala kwa sauti ya mivukuto tangu sijaota meno, na habari za chuma hanifundishi mtu. Akaniachia spana, akaenda zake.

Nilipovitoa vile vipya kwenye kifurushi nikakuta kila kisu kimekunjwa kwenda juu kwenye ncha zake. Nikasikitika. Kwetu, kisu kilichopinda hakitoki mikononi mwa mhunzi. Ni aibu ya ukoo mzima. Nikakata shauri kwamba vimepondwa na mizigo ndani ya treni. Vile vya zamani navyo vilikuwa vimepinda vivyo hivyo, ila hivyo nilishayasingizia mawe. Basi nikavitia motoni, nikavigonga mpaka vikanyooka kama rula, nikavifunga huku napiga mluzi.

Kesho yake mashine ilinguruma vizuri sana. Nyasi zililala nilipopita, na nilipogeuka nikazikuta zimesimama tena. Nikarudia mara nne. Wageni wa meneja walikuwa wanakuja Jumamosi, na alishaniambia kwamba bustani isipokuwa safi atatafuta dereva mwingine.

Nikamtumia baba ujumbe, baba yuleyule niliyemuaga kwa kumwambia kuwa uhunzi ni kazi ya kizamani. Alishuka Ijumaa. Nikampa shikamoo nikitazama viatu vyangu. Aliokota kisu cha zamani kwenye takataka, akakigeuzageuza, akakizungusha taratibu juu ya majani makavu.

"Hapa palipokunjwa panasukuma upepo, upepo unainua majani," alisema. "Aliyekipinda alikuwa mhunzi. Ulidhani alikuwa mlevi?"

Nikashika spana, nikavifungua kwenye mashine visu nilivyovinyoosha. Alivikunja upya akifuatisha kile cha zamani, akavizamisha majini, akavinoa mwenyewe. Mimi nilivukuta tu.

Jumamosi asubuhi nikakata bustani yote, ikawa safi kama mkeka. Meneja akatoka barazani, akatazama, akasema visu vya Ulaya havina mfano. Baba alikuwa amesimama kando ya ua, mfuko wa nyundo begani, anasikia kila neno. Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

"Ndiyo, bwana," nikajibu, bila hata kushuka kwenye kiti.